Njia ya tano: uchambuzi wa kisa cha selenaiti na DNA iliyokatika

Mwanafunzi wangu wa uzamili aliniletea picha ya jeli, bamba laini la agarosi ambalo DNA husukumwa ndani yake kwa umeme, kila sampuli kwenye njia yake. Njia zilikuwa sita, na hukumu alikuwa ameshaitoa kabla hajafika mlangoni. "Mwalimu, samahani, njia ya tano imeharibika. Naomba nirudie yote." Nikamwambia aiache picha mezani, kisha avute kiti. Njia tano kati ya sita zilikuwa safi. Jeli ikiharibika haichagui hivyo.

Kazi aliyopewa ilionekana nyepesi: aonyeshe ndani ya tyubu kwamba seleni, elementi ambayo mwili huihitaji kwa kiasi kidogo sana, inalinda DNA. Dhana yenyewe haikutoka hewani. Mwaka 1973 ilibainika kwamba seleni imo kwenye kiini cha glutathioni peroksidesi, kimeng'enya kinachoigeuza haidrojeni peroksidi kuwa maji. Peroksidi ikipungua ndani ya seli, DNA inapata nafuu. Tangu hapo neno "seleni" na neno "ulinzi" yamekuwa chanda na pete, na wengi wetu tumeyafundisha hivyo bila kuuliza zaidi. Ila kwenye tyubu za kijana huyu hapakuwa na kimeng'enya chochote. Palikuwa na DNA, chumvi ya seleni (selenaiti), glutathioni, yaani molekuli ndogo yenye salfa inayopatikana kwenye seli, na bafa, maji yanayotuliza kiwango cha asidi. Misumari kwenye kopo bado haijawa mlango.

DNA aliyoitumia ni plazmidi ya pUC19, duara dogo la DNA lenye jozi besi 2,686. Tunaipenda plazmidi kwa sababu ikiumizwa inasema yenyewe. Ikiwa nzima, duara limejisokota kama kamba uliyoipinda mpaka ikajikunja juu ya mwili wake. Limebana, linapenya upesi kwenye agarosi, na mkanda wake unaonekana chini kabisa. Uzi mmoja kati ya miwili ukikatika mahali pamoja tu, msokoto wote unafunguka, duara linatanuka na kutembea kwa uvivu, mkanda unabaki juu. Nyuzi zote mbili zikikatika mkabala, duara linakuwa kamba iliyonyooka, na mkanda wake unakaa kati ya hiyo miwili. Plazmidi hii ina viungo zaidi ya 5,000 vya fosfati na sukari kwenye uti wake, na kukatika kwa kimoja kunatosha kuihamisha molekuli nzima kutoka chini kwenda juu. Vipimo vichache vya bei nafuu vina makali ya namna hii.

Njia ya kwanza ilikuwa DNA peke yake. Ya pili, DNA na selenaiti ya sodiamu, milimola 1. Ya tatu, DNA na glutathioni, milimola 5. Ya nne ilikuwa kielelezo cha maumivu: shaba, asidi askobiki na haidrojeni peroksidi, mchanganyiko ambao hakuna plazmidi inayopona. Ya tano, selenaiti pamoja na glutathioni. Ya sita, selenometionini, asidi amino iliyobeba seleni, pamoja na glutathioni. Zote kwenye bafa ya fosfati, zote nusu saa kwa nyuzi joto 37.

Ya kwanza na ya pili zilifanana: mkanda mnene chini, kivuli tu juu. Kwa hiyo selenaiti ikiwa peke yake haikuikata DNA, na hilo lisipite haraka. Ya tatu ilikuwa na mkanda wa juu ulioongezeka kidogo. Hilo nalo si ajabu. Thioli yoyote, yaani msombo wenye salfa iliyoshika haidrojeni kama glutathioni, ikikutana na hewa na chembe za chuma au shaba zilizojificha kwenye bafa inaweza kuzalisha peroksidi kidogo na kuikwaruza DNA. Ya nne ilikatika kama ilivyotarajiwa. Ya sita ilikuwa pacha wa ya tatu. Na ya tano? Mkanda wa chini ulikuwa umefifia mpaka unautafuta, wa juu umevimba, na katikati pamejitokeza mkanda mwembamba, ishara kwamba baadhi ya plazmidi zilikuwa zimekatwa nyuzi zote mbili.

Yeye alishuku uchafu. Nukliesi, kimeng'enya cha kukata DNA, ikiingia kwenye tyubu inafanya hivyo, kweli, lakini selenaiti ile ile ilikuwa kwenye njia ya pili na glutathioni ile ile kwenye ya tatu. Uchafu ungelazimika kusubiri viwili hivyo vikutane ndipo uanze kazi. Nikamuuliza kama masalia ya mchanganyiko wa tano bado yapo.

Yalikuwepo. Alikuwa ameandaa mililita moja ya selenaiti na glutathioni bila DNA, akachota maikrolita chache, tyubu iliyobaki akaiacha kwenye kishikio usiku kucha. Tulipoiinua kwenye mwanga, maji yaliyokuwa meupe yalikuwa na rangi ya tofali, na chini pametuama unga mwekundu. Tyubu ya selenaiti pekee ilikuwa bado nyeupe. Ya glutathioni pekee, nyeupe. Unga ule ni seleni yenyewe, elementi tupu, ambayo ikiundwa upya ndani ya maji hutoka nyekundu. Kwangu mimi kisa kiligeuka pale. Hatukuwa tena na jeli mbovu, tulikuwa na mmenyuko.

Mmenyuko huo una historia. Mwaka 1941 Painter alipendekeza kwamba selenaiti hula thioli nne kwa mkupuo, na mwaka 1968 Ganther akauthibitisha aina hiyo ya mmenyuko kwa kuonyesha zao lake: atomu ya seleni iliyobanwa katikati ya salfa mbili. Glutathioni ikiwa ndiyo thioli, zao hilo huitwa selenodiglutathioni. Mambo hayaishii hapo. Glutathioni ya tano inalivunja na kuacha seleni ikining'inia kwenye salfa moja. Ya sita inaing'oa kabisa na kuitoa ikiwa haidrojeni selenaidi. Hesabu inakubali: seleni ndani ya selenaiti iko kwenye hali ya oksidisho ya +4, ndani ya selenaidi iko kwenye -2, ni elektroni sita, na kila glutathioni huleta moja. Kijana alikuwa ameweka glutathioni tano kwa kila selenaiti, pungufu ya moja. Mmenyuko ulikwenda ukakwama nusunusu, sehemu ya seleni ikaishia kudondoka kama unga mwekundu na sehemu ikafika mwisho wa safari.

Sasa, haidrojeni selenaidi ni kitu chenye haraka. Ikikutana na oksijeni inaitupia elektroni ilizokopeshwa na glutathioni, inarudi kuwa seleni nyekundu, na oksijeni iliyopokea elektroni hizo inakuwa radikali, chembe yenye elektroni isiyo na mwenza, inayogonga chochote kilicho karibu. Glutathioni ikiwepo kwa wingi, duru inaanza upya: seleni inapewa elektroni, inazimwaga kwenye oksijeni, inapewa nyingine. Glutathioni ndiyo inayoliwa, oksijeni ndiyo inayogeuzwa kuwa sumu, na seleni ni dalali anayekwenda huku na huku. Kijana alinyamaza kidogo, halafu akasema: "Kumbe aliyemchokoza ni yule mlinzi." Alikuwa anaisema glutathioni, ambayo kila kitabu cha bayokemia kinaisifu kwa kuilinda seli dhidi ya radikali. Sikuwa na la kurekebisha kwenye sentensi ile.

Kama maelezo haya ni ya kweli, hewa ikiondolewa njia ya tano inapaswa kupona. Tulipitisha naitrojeni kwenye bafa na kwenye miyeyusho yote kwa muda wa kutosha, tukachanganya ndani ya mfuko uliojazwa naitrojeni, tukaziba tyubu vizuri kabla ya kuzitoa. Upande wa pili tukaweka seti ile ile kwenye hewa ya kawaida. Penye hewa, njia ya tano ilikatika kama mwanzo. Penye naitrojeni, mkanda wa chini ulirudi mnene, tofauti na njia ya kwanza huioni mpaka uinamie picha. Sikudai kwamba hilo linamaliza kesi, ila lilimfuta nukliesi kwenye orodha ya washukiwa. Yeye hahitaji oksijeni.

Waliomaliza kesi kwa ustadi zaidi ni watafiti wa Ufaransa waliochapisha kazi yao mwaka 2012 kwenye jarida la PLoS ONE. Waliruka hatua ya glutathioni wakatumia selenaidi ya sodiamu moja kwa moja. Walianza na mkusanyiko mzima wa hamira, kila aina ikiwa imenyimwa jeni moja, wakauliza: nani anakufa haraka zaidi akipewa selenaidi? Waliojitokeza kwa wingi ni wale waliokosa jeni za kurekebisha DNA kwa njia ya kubadilishana vipande vinavyofanana, pamoja na wale waliokosa jeni za kusimamisha mgawanyiko wa seli DNA inapoumia. Ni ushahidi wa aina ninayoipenda. Humuulizi mtuhumiwa alipiga wapi. Unaangalia ni majeruhi gani waliokosa daktari. Kromosomu za hamira hizo zilionekana zimevunjika vipande, na bila oksijeni selenaidi haikuziua.

Kisha wakaingia kwenye tyubu, na hapo walikuta jambo ambalo sikulitarajia. Vimeng'enya viwili vinavyotumika kila siku kumsaka mkosaji, supaoksaidi dismutesi inayofuta supaoksaidi (radikali ya oksijeni) na katalesi inayofuta peroksidi, havikuzuia DNA kukatika. Manitoli, inayonasa radikali ya haidroksili, ilizuia. Kipimo cha mwangwi wa elektroni (ESR), kinachotambua radikali, nacho kikaiona alama ya haidroksili pale selenaidi ilipokutana na oksijeni. Wengi tungesema kwa mazoea kwamba supaoksaidi inazaa peroksidi, peroksidi inakutana na chuma, chuma kinazaa haidroksili. Kwa selenaidi, njia hiyo ndefu haikuonekana kuhitajika.

Haidroksili haisafiri. Inagonga kitu cha kwanza ilichozaliwa karibu nacho. Ikizaliwa kando ya DNA inanyakua haidrojeni kwenye sukari ya uti, na uti unakatika. Au inaigonga besi ya guanini na kuiacha ikiwa 8-oksoguanini, ambayo wakati wa kunakili hukubali kuoana na adenini badala ya saitosini. Jeli yetu inauona mkato wa uti tu. Guanini iliyogeuzwa haifungui msokoto, kwa hiyo plazmidi inaweza kuwa na makovu kadhaa ya namna hiyo na bado ikakaa kwenye mkanda wa chini ikionekana mzima wa afya. Ukisoma mahali kwamba DNA "haikuathirika" kwa sababu jeli ilikuwa safi, kumbuka hilo.

Nilipomwuliza kama aliwahi kuona njia ya tano ikiwa hivi kabla, alisita. Ndiyo, wiki mbili nyuma alifanya jaribio la kwanza, na njia ya tano ilipanda kidogo tu. Aliona ni uzembe wa pipeti, hakuniambia. Tulifungua daftari lake. Jaribio lile lilifanyika kwenye bafa ya Tris, ile ile inayohifadhi plazmidi kwenye friji. Tris ni msombo wa kikaboni wenye haidrojeni nyingi za kunyakuliwa, na ikiwepo kwa makumi ya milimola inakunywa haidroksili kabla DNA haijaguswa. Bafa ilikuwa inafanya kazi ya manitoli na hakuna aliyeijua. Baadaye alisafisha plazmidi kwa ethanoli, akahamia kwenye fosfati kwa sababu tu Tris ilikuwa imekwisha, na ndipo ukweli ukajitokeza. Nimemwomba aache majaribio yote mawili kwenye tasnifu. Mtu akisoma lile la Tris peke yake atasema selenaiti na glutathioni ni salama. Akisoma la fosfati peke yake atasema ni hatari. Wote wawili watakuwa na picha halisi mkononi.

Tukirudi kwenye njia ya sita: selenometionini haikufanya lolote, ingawa seleni ilikuwa kwa kiwango kile kile na glutathioni ilikuwepo. Sababu iko kwenye viungo. Ndani ya selenometionini, seleni imeshikwa na kaboni pande zote mbili, na glutathioni haina nguvu ya kuing'oa hapo. Ndani ya selenaiti imezungukwa na oksijeni ambazo thioli inazipokonya bila taabu. Seli hai inaweza kuifungua selenometionini kwa vimeng'enya vyake na kupata selenaidi au methiliselenoli, polepole, kwa kadiri inavyohitaji. Tyubu haina vimeng'enya hivyo.

Kwa udadisi tuliongeza selenometionini kwenye mchanganyiko wa shaba wa njia ya nne, na safari hii ulinzi aliokuwa akiutafuta kijana ukaonekana: mkanda wa chini ulibaki. Alifurahi, nami nikamharibia furaha kidogo. Battin, Perron na Brumaghim walieleza mwaka 2006 kwamba ulinzi wa aina hii unategemea seleni kuishika shaba. Walipotumia shaba ambayo tayari imefungwa kabisa na bipiridini, molekuli inayoishika metali, isiyobakiwa na nafasi ya kushikwa na kingine, ulinzi ulitoweka. Maana yake selenometionini haikuwa inakimbizana na radikali. Ilimshika mkono anayezitengeneza. Tofauti hiyo inaonekana ya kitaalamu mno mpaka uulize swali la pili: je, ndani ya seli kuna shaba huru ya kushikwa? Karibu hakuna, seli huifunga shaba yake kwenye protini. Kwa hiyo ulinzi mzuri kabisa wa kwenye jeli unaweza usiwe na kazi kubwa mwilini.

Na mkato wa njia ya tano, je, una kazi mwilini? Hapa ndipo ninapokuwa mwangalifu. Glutathioni ndani ya seli iko kati ya milimola 1 na 10, kwa hiyo upande huo tyubu yetu haikutia chumvi. Selenaiti milimola 1 ni jambo jingine. Seleni yote kwenye plazma ya mtu anayekula vizuri inazunguka karibu na maikromola 1, yaani mara elfu chini ya hapo, na karibu yote imeshikwa kwenye protini. Ila mwaka 1980 Whiting na wenzake walishaonyesha kwenye seli kwamba misombo ya seleni ikiambatana na glutathioni huleta kasoro za kromosomu na kuamsha ukarabati wa DNA. Utaratibu upo. Kinachobaki ni kiwango, na kiwango huamuliwa na mambo ambayo tyubu haina: vimeng'enya, usafirishaji, kasi ya kuitoa seleni kwa kuiongezea methili.

Kuna mkondo wa pili pia, ambao jeli ya plazmidi haiwezi kuuona kabisa. Protini kadhaa zinazokarabati DNA zina vidole vya zinki: atomu ya zinki iliyoshikwa na sisteini nne. Mwaka 2004 kundi la Hartwig lilionyesha kwamba misombo ya seleni inayoweza kupokea elektroni, kwa mfano ebseleni na selenosistini, inazima Fpg, kimeng'enya cha bakteria kinachoondoa 8-oksoguanini. Selenometionini haikufanya hivyo. Jambo la kuudhi ni kwamba selenometionini hiyo hiyo, kwa mujibu wa Seo na wenzake mwaka 2002, inaisukuma p53, protini inayoilinda seli dhidi ya saratani, upande wa ukarabati kupitia protini nyingine, Ref-1. Seleni, kwa hiyo, inaweza kuifikia DNA bila kuigusa: kwa kumnyang'anya fundi zana, au kwa kumwamsha.

Nafungua mabano kidogo. Jaribio la SELECT huko Marekani na Kanada, lililouliza kama seleni inazuia saratani ya tezi dume, liliandikisha wanaume 35,533, na waliopangiwa seleni walipewa selenometionini maikrogramu 200 kwa siku. Saratani hiyo haikupungua, na vidonge vikasimamishwa mwaka 2008. Kabla yake, jaribio la Clark lililotolewa mwaka 1996 lilitumia hamira iliyokuzwa kwa seleni, nalo likaonekana kupunguza saratani hiyo. Watu wamebishana sana kuhusu tofauti hizo, na hali ya seleni ya washiriki kabla hawajaanza pengine ina uzito kuliko aina ya kidonge. Lakini kila ninaposikia mtu akiuliza "seleni inasaidia au haisaidii", naiona njia ya tano na ya sita zikiwa zimepakana.

Kijana sasa anataka kwenda kwenye seli, na ameandika mpango wa kipimo cha kometi: seli zinapakwa kwenye kioo, zinayeyushwa, zinapitishwa umeme, na DNA iliyokatika inatoka kama mkia. Ili aione ile 8-oksoguanini ambayo jeli ilimficha, ataongeza Fpg, inayokata pale ilipo na kurefusha mkia. Mpango ni mzuri. Nilimrudishia ukiwa na alama moja ya kalamu nyekundu, kwenye mstari wa Fpg. Seleni yoyote itakayosalia kwenye kioo baada ya kuosha, ikiwa ya aina inayogombana na zinki, itaizima Fpg yenyewe. Mikia itafupika, naye ataandika kwamba seleni imeilinda DNA. Nilimtaka aongeze kioo kimoja zaidi: seli zilizoumizwa makusudi, hazijawahi kuonjeshwa seleni, ziyeyushwe na kuoshwa kama nyingine, kisha zipewe Fpg iliyochanganywa na maji ya mwisho ya kuoshea vioo vya selenaiti. Mkia wa kioo hicho ukifupika, vioo vingine vyote havisomwi.